Mwonjaji wa Shangazi

Kwa wasomaji wa gazeti hili, kwa walimu wangu waliobaki na afya njema, na kwa vizazi vitakavyosoma historia hii vikiwa vimevaa miwani: leo natangaza rasmi kwamba mimi ndiye bingwa wa vyakula wa mtaa wetu. Hakuna sufuria kati ya gereji na duka la mkate ambayo haijapita juu ya ulimi wangu.

Natangaza haya nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya jiko la shangazi yangu, ulimi umevimba kama soli ya kiatu kilicholowa. Chai naisikia kama maji. Sukari naisikia kama mchanga.

Bingwa hana kazi.

Aliyekuwa safarini wiki zilizopita asipate tabu. Mimi ni mwanafunzi wa bweni, kidato cha tatu, niliyerudishwa nyumbani kwa wiki sita. Shuleni kwetu chakula hakipakuliwi mpaka mwonjaji wa zamu akionje na kuandika daftarini: "Kimeonjwa. Kinafaa." Ilipofika zamu yangu niliandika: "Kimeonjwa. Mwonjaji amefariki."

Mkuu wa shule hakucheka. Baba hakucheka. Akanipeleka kwa dada yake mwenye mkahawa, nikajifunze maana ya chakula. Daftari lenyewe nilisahau kulirudisha; likaja nami sandukuni.

Mkahawa wa shangazi ni chumba cha mbele cha nyumba yake: meza nne, pazia, kisha jiko. Kila mteja anamwita Shangazi, hata wazee waliomwacha mbali kwa umri.

Na ana siri. Tangu homa iliyomlaza miezi mitatu iliyopita, shangazi hasikii ladha wala harufu. Kitunguu kinaweza kuungua mbele yake na pua yake ikatulia kama picha ukutani.

"Mpishi asiye na ulimi," aliniambia siku ya tatu, mlango ukiwa umefungwa, "ni kama kinyozi asiye na macho. Nani atamletea kichwa?"

Mengine anayamudu kwa masikio. Anasikiliza mafuta, anasikiliza mchuzi unapoanza kuwa mzito. Jikoni kila kitu kina sauti, isipokuwa chumvi. Alijaribu kuipima kwa kijiko, lakini maharage ya leo hunywa chumvi na ya kesho huikataa.

Kwa hiyo mimi nikawa ulimi wake. Kila siku saa nne asubuhi naonja sufuria zote, kisha natoa taarifa kwa lugha yetu, ili wateja wa mapema wasielewe. Sufuria ni swali. Chumvi ni nukta.

"Umemaliza hesabu zako?" ananiuliza kwa sauti.

"Swali la kwanza limekosa nukta mbili, Shangazi. La pili liko sawa."

Naye anatia chumvi mara mbili kwa ncha za vidole. Wateja wanatikisa vichwa na kusema mtoto huyu atafika mbali.

Mimi sijafika popote. Niko jikoni tangu alfajiri, nimeonja hadi nimechoka kuwa na mdomo.

*

Mchana, wateja wakiisha, kazi huanza upya. "Zunguka," shangazi huniambia. "Kaonje kwa wenzangu. Mimi siwezi tena kujua mtaa unakula nini. Niandikie."

Nikazunguka. Watu wanadhani ni raha. Jaribuni nyinyi kula kwa amri, siku kumi na nne mfululizo, kwenye jua la saa nane, na daftari kwapani.

Kwa Mwokaji Mkate niliandika: "Umeonjwa. Ganda linafaa. Ndani kuna usingizi."

Kwa Mama Mwavuli, anayekaanga viazi chini ya mwavuli mkubwa karibu na kinyozi, niliandika: "Vimeonjwa. Vinafaa, isipokuwa vilivyo chini. Mafuta haya yalikuwepo kabla yangu na yatakuwepo baada yangu." Mama Mwavuli alilisoma begani kwangu.

"Wewe mtoto," akasema, "hayo mafuta yamesomesha watoto wanne. Wewe yako yamesomesha nani?"

Nikaongeza: "Mwenye viazi anafaa zaidi ya viazi."

Ukurasa wa Bwana Supu niliuacha mtupu. Sababu nitaifikia. Msinisukume.

Bwana Supu ni fundi wa magari mstaafu. Anapika ndani ya gereji ya mwanawe, kwenye kona, nyuma ya rundo la matairi. Sufuria moja, supu moja. Anaanza kabla ya jua, saa tano asubuhi amemaliza. Nilipoyaonja mabaki ya supu yake mara ya kwanza niliomba bakuli la pili, na kwangu mimi hilo ni tukio.

Tulizungumza kidogo. Mambo ya kawaida. Kisha nikarudi nyumbani.

*

Sasa akaja Matroni.

Matroni ni mkuu wa chuo cha wauguzi kilicho mwisho wa barabara yetu. Ana saa iliyobanwa kifuani, na akikutazama unahisi unapimwa homa. Jumatatu alisukuma pazia letu, akakaa, akasema:

"Nina wanafunzi arobaini. Mchana wanakula biskuti. Nataka mtu wa kuwapikia, kila siku, mwaka mzima. Nimewasikia wawili: wewe na yule mzee wa gereji."

Shangazi akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Nitaonja kwa wote wawili," Matroni akaendelea. "Lakini kila mmoja ataonja pia kwa mwenzake, mbele yangu, na kusema kosa lake kwa adabu. Mpishi mzuri nitampata popote. Nataka mpishi ninayeweza kumwamini."

"Sawa, Matroni," akasema shangazi.

Alipoondoka, shangazi alikaa kwenye kiti kilekile, mikono mapajani.

"Wateja wangu wamebaki watatu," akasema. "Nilipougua walizoea kwingine. Baba yako anataka nifunge, nikapumzike kwake. Ameshanitengea chumba." Alilitamka neno chumba kama mtu aliyetengewa kaburi. "Hili nikilikosa, mwanangu, naenda."

"Hutalikosa, Shangazi. Una mimi."

Akanitazama.

"Ndiyo," akasema. "Hilo ndilo linalonitia hofu."

*

Jumatano tukaenda gereji. Mimi nilibeba daftari ili nionekane nina shughuli.

"Karibuni," akasema Bwana Supu. "Kaeni. Kile kiti chenye magurudumu msikikalie, kina tabia ya kuondoka. Profesa, wewe simama, una damu changa."

Profesa ni mimi, kwa ajili ya daftari.

Akaleta mabakuli mawili. Moja akaliweka mbele ya Matroni, jingine mbele ya shangazi, mwenyewe, kwa uangalifu. Shangazi akapuliza kijiko, akanywa, akatafuna kipande cha nyama. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayesikiliza hotuba.

"Haya," akasema Matroni. "Sema."

"Nyama imeiva bila kuvunjika. Mfupa umetoa kila ulichonacho. Mpishi huyu hana haraka." Yote ya kweli, na yote yanaonekana kwa macho.

"Na chumvi?" akauliza Bwana Supu. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimojakimoja.

Shangazi akageuka kwangu. "Wewe, hesabu zako umemaliza? Hebu onja kwanza, usije ukaniambia nimekunyima." Akanisogezea bakuli.

Nilichota kijiko kilichojaa na kukitia mdomoni haraka, kwa sababu watu watatu walikuwa wananisubiri.

Supu yenye mafuta haitoi mvuke. Mafuta hukaa juu kama blanketi, na chini yake supu inachemka kimyakimya. Jambo hili kila mpishi analijua, na sasa hata mimi.

Sikupiga kelele. Elimu ya bweni si bure. Nilimeza moto ule wote, machozi yakanitoka, na ulimi ukafa palepale bila kuaga. Sikusikia chumvi. Sikusikia chochote.

Lakini supu ya mzee yule haikuwahi kukosea. Basi nikasema, "Swali liko sawa, Shangazi. Nukta zimetimia."

"Chumvi imekaa mahali pake," shangazi akamwambia Matroni.

Bwana Supu akamtazama shangazi. Akanitazama mimi. Kisha akaliinua bakuli la shangazi kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba kitoto kilicholala.

"Asante," akasema.

Njiani shangazi aliimba kwa pua. Sikuwahi kumsikia akiimba.

"Nusu tumeipita," akasema. "Mbona kimya?"

"Nafikiri."

"Usianze tabia mpya leo."

Hapo ndipo ningesema. Barabara ilikuwa tupu, tulikuwa wawili tu. Nikasema jua ni kali.

*

Alhamisi asubuhi niliweka punje ya chumvi juu ya ulimi. Hakuna. Nikaweka sukari. Hakuna. Nikalamba limau, nikahisi maumivu, nikafurahi, kisha nikatambua kwamba maumivu si ladha.

Saa nne shangazi akaniita. Alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani na kupiga pasi vitambaa vya meza. Jikoni kulikuwa na sufuria mbili: mchuzi wa nyama na maharage.

"Umemaliza hesabu zako?"

Sentensi niliyoihitaji ilikuwa fupi: Shangazi, ulimi wangu umeungua. Lakini nyuma yake kulikuwa na ya pili: uliungua jana. Na nyuma ya hiyo ya tatu: kwa hiyo jana nilikudanganya, nawe ukamdanganya Matroni. Uongo ni kama kufuma, ukivuta uzi mmoja unabaki na mkono mtupu. Nikaacha uzi.

Nikaonja. Moto, majimaji, basi.

"Swali la pili liko sawa," nikasema. "La kwanza limekosa nukta tatu."

"Tatu?"

"Tatu, Shangazi."

Kwa nini tatu? Sijui. Tatu ni namba yenye heshima. Nasikia watu wakisema mimi hupenda kutia chumvi katika hadithi zangu. Laiti ningeishia kwenye hadithi.

Akachukua kwa vidole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa sababu ilikuwa siku kubwa, alichukua kwa vidole vitano.

Nami nikafungua daftari, nikaandika tarehe, nikaandika: "Kimeonjwa. Kinafaa." Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

*

Matroni alikuwa aje saa sita. Saa tano na nusu mlango wa nyuma ukagongwa.

Alikuwa Bwana Supu. Amevaa shati safi, mkononi ana chupa kubwa ya chai.

"Umekuja mapema, na kwa mlango wa nyuma," akasema shangazi.

"Mlango wa mbele una macho." Akaiweka chupa juu ya meza ya jikoni. "Hodi kwenye sufuria. Naweza?"

Mpishi hamnyimi mpishi. Shangazi akampa kijiko.

Akaanza na maharage. Akakubali kwa kichwa. Akaja kwenye mchuzi wa nyama, akaonja, akafumba macho kama mtu anayepewa habari mbaya kwa simu.

Kisha akasema, polepole, bila kunitazama:

"Shangazi, swali la kwanza limezidi nukta. Tena limezidi sana."

Mkono wa shangazi ulikuwa juu ya sufuria na upawa. Ukabaki hewani. Tone la mchuzi likadondoka kwenye moto, likalia.

"Umesema nini?"

"Umenisikia, dada yangu."

"Hiyo lugha umeitoa wapi?"

Bwana Supu akafungua chupa, akamimina supu kidogo kikombeni. "Hii ndiyo uliyokunywa jana. Haina chumvi hata punje. Bakuli lako nililitenga mwenyewe, nikapakua kabla sijatia chumvi sufuriani. Ukasema imekaa mahali pake."

"Ulinitega."

"Nilitaka kujua kama mtoto alisema kweli. Nilipopata jibu sikulala vizuri. Halafu nikamkumbuka alivyomeza. Mtu aliyemeza supu ile hana ulimi jana, leo wala kesho. Nikajua leo mchuzi wako unapikwa gizani." Akaisogeza chupa. "Humo kuna ya kutosha. Punguza mchuzi wako, utie hii. Chumvi itashuka."

"Kwa nini unanisaidia? Wewe nami tunashindana."

"Nikimshinda mtu nataka awe na mikono yote miwili. Na mimi ni mzee, saa tano nimechoka. Arobaini wataniua."

Shangazi hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa ananitazama mimi.

*

Basi tufike kwenye ule ukurasa mtupu.

Siku ile ya kwanza gerejini nilimwambia Bwana Supu kwamba supu yake inafaa. Akacheka. "Mtoto wa kidato, unajua nini kuhusu chumvi?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa anaosha bakuli.

Lakini mimi niliumia. Mimi, bingwa. Nikamwambia kwamba kuna mkahawa mzima mtaani huu unaosimama juu ya ulimi wangu. Akasema naongopa. Nikamwambia wa nani. Akasema bado naongopa. Nikamwambia ya homa, nikamwambia ya maswali, nikamwambia ya nukta. Akanipa mfupa wenye uboho.

Niliula wote. Ulikuwa mtamu.

"Alijuaje?" shangazi akaniuliza sasa. Sauti yake haikupanda. Ningependa ingepanda.

"Nilimwambia mimi."

"Alikulazimisha?"

"Alisema najua nini kuhusu chumvi."

"Hilo tu?"

"Na mfupa. Lakini mfupa ulikuja baadaye."

Bwana Supu akatazama dari. Shangazi akaanza kuchota mchuzi na kuumimina pembeni, upawa baada ya upawa, kisha akamimina ile supu isiyo na chumvi, akakoroga. Mikono yake ilifanya kazi vizuri sana. Uso wake haukuwepo.

"Na leo asubuhi," akasema, "nukta tatu?"

Kabla sijajibu, pazia likasogea.

"Wauguzi huwahi," akasema Matroni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Saa yake ya kifuani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na tano. "Nimesikia nukta. Jana pia nilisikia nukta. Nukta ni nini?"

Mchuzi ulianza kuchemka upya.

Shangazi akanyoosha mkono, akachukua daftari langu juu ya kabati. Akafungua ukurasa wa leo, akausoma, akaugeuza kuelekea kwangu.

"Kimeonjwa. Kinafaa. Sahihi ya nani hii yenye mkia?"

"Yangu."

"Ulionja?"

Nina majibu mengi ya swali kama hilo. Shuleni nilikuwa nawauzia wenzangu kwa biskuti. Asubuhi ile nilitafuta hata moja, na ulimi ukauma.

"Sikuonja, Shangazi. Niliweka mdomoni tu. Ulimi umekufa tangu jana. Nukta tatu nilizibuni. Na jana gerejini nilibuni pia."

"Andika."

Matroni akachomoa kalamu mfukoni, akanipa, kama anavyompa mgonjwa wa kutia sahihi kabla ya kupasuliwa.

Nikakata mstari juu ya sahihi yangu. Nikaandika chini: "Hakikuonjwa. Mwonjaji alidanganya, mara mbili. Kabla ya hapo alitoa siri isiyo yake, akalipwa mfupa." Hata mwandiko haukunitetea.

Matroni akasoma begani kwangu. Akasoma tena.

"Siri gani?" akauliza.

Nikamrudishia kalamu.

"Kijana, nimekuuliza. Mwonjaji hana ulimi, hilo nimeona. Na mpishi je? Mpishi anao?"

Watu watatu walikuwa wananitazama, kama jana. Jana nilikimbilia kijiko. Safari hii nilitazama sakafu nikahesabu vigae, kumi na moja, kimoja kina ufa.

"Hilo si langu kusema, Matroni," nikasema.

Bwana Supu akavuta pumzi. Mimi ndipo nikatambua, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, kwamba nilikuwa nimeshalisema.

Shangazi akapunguza moto. Akaweka upawa juu ya sahani, akafuta mikono, akaivuta ile ndoo yangu na kuipindua karibu na jiko.

"Kaa hapa, Matroni," akasema. "Mchuzi hauko tayari. Na hili nalisema mwenyewe."